Fundi Konde Hakungoja Stratocaster

Leo nitawakwaza wengine, kwa hivyo tusameheane mapema. Kuna vijana wengi huku Pwani wanaotaka kupiga gitaa la umeme na hawapigi, kwa sababu wanangoja gitaa la jina. Na majina yenyewe huwa ni mawili tu: Fender Stratocaster ama Gibson Les Paul. Ukiwaambia kuna mengine wanakuangalia kama umewapa chai ya chumvi.

Namjua mmoja hapa kwetu Rabai. Mkono anao, sikio analo. Huu ni mwaka wa tatu anaweka akiba ya Stratocaster ya Marekani, ambayo ikiwa mpya ni kama bei ya bodaboda mpya, na usitarajie chenji. Wakati huo huo bendi za bango za harusi zinatafuta mpiga rizimu na hazimpati. Mwisho wake harusi inapigiwa muziki wa laptopu, wazee wanakaa chini, na wale waliojua hizo nyimbo kwa vidole wanazidi kuzeeka. Hilo ndilo linaloniuma. Bei ya gitaa ni kisingizio tu, tunachopoteza ni watu wa kupokea huo muziki.

Wanaongoja huwa na jibu moja: historia. Ati magitaa hayo mawili ndiyo yaliyotengeneza muziki wa umeme, mengine ni ya kuchezea. Sawa. Tuongee historia basi, lakini tuanze na ya kwetu.

Mgiriama wa Kilifi

Fundi Konde alizaliwa 1924. Mgiriama, mtu wa Kilifi, kaunti hii hii yetu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa kwenye kikosi cha kuburudisha wanajeshi, akafika mpaka Burma. Vita vikaisha, akawa anarekodi Nairobi, na leo anatajwa kati ya Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme. Baadaye akawa pia fundi wa kurekodi wengine. Alifariki 2000.

Kuna mkusanyo wa nyimbo zake uliotolewa na kampuni ya RetroAfric, na nyimbo zilizomo ni za 1947 hadi 1956. Utafute, usikilize na spika nzuri, si ya simu. Halafu weka tarehe hizi kando yake: Les Paul ya Gibson ilitoka 1952, Stratocaster ikatoka 1954.

Umeona? Konde alipoanza kurekodi, hakuna hata moja ya hayo magitaa mawili iliyokuwa dukani, si Nairobi, si Marekani kwenyewe. Mtu wa Kilifi alishaanza kujijengea jina kabla "gitaa la maana" halijazaliwa. Na ukiskiza zile kodi zake, zile za kijazi zinazopita laini kama mtu anatembea mchangani, utajua kwamba hazikuletwa na kampuni yoyote. Zilikuwa kichwani mwake.

Na hao wakubwa walianzaje?

Hata huko Marekani hadithi haikuanza na hayo mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni iliyokuja kuitwa Rickenbacker ilitoa gitaa la umeme la mtindo wa Hawaii, la kupiga ukiwa umelilaza mapajani. Watu walilibatiza "kikaango", kwa sababu lilifanana nacho kabisa. Mwaka 1936 Gibson wakatoa ES-150, lenye tumbo wazi kama gitaa la kawaida.

Leo Fender naye, aliyekuja na Stratocaster, alikuwa fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga! Alikuwa anasikiliza wanamuziki wanalalamikia nini, halafu anarudi kurekebisha. Huyo ni mtu ungemkuta kwenye kibanda Mazeras, ana soda ya kulehemu mkononi na redio tatu zimefunguliwa mbele yake. Mimi namheshimu sana. Lakini alikuwa anatatua shida za wanamuziki wa California wa wakati wake. Shida zetu ni zipi? Nitarudi hapo.

Gitaa halikuwa la mpigaji

Hiki ndicho kipande ambacho vijana wengi hawakijui. Kwenye bendi za zamani za Afrika Mashariki, swali la "wewe unapenda gitaa gani" mara nyingi halikuwepo. Vyombo vilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mpigaji. Kenya mara nyingi alikuwa mwenye hoteli, mwenye baa ama mfanyabiashara. Tanzania bendi nyingi zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ng'ambo ya pili, Kongo, studio za mwanzo za Kinshasa kama Ngoma na Loningisa zilikuwa za wafanyabiashara Wagiriki, na wanamuziki walikuwa wakitumia vyombo vya studio.

Maana yake nini? Mpiga solo akihama bendi, anaondoka na vidole vyake. Gitaa linabaki. Kesho yake anapewa lingine, la kampuni nyingine, na mashabiki wanamtambua vile vile kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Ndiyo maana neno "vyombo" lilikuwa zito hivyo kwa wazee wetu. Kuwa na vyombo vyako ilikuwa ni uhuru, kuliko hata kuwa na nyumba.

Chukua Les Wanyika, bendi iliyoanza Nairobi 1978 na wanamuziki wa Tanzania na Kenya pamoja. Panda matatu yoyote ya Kaloleni, mwambie abiria wa kando akuimbie gitaa la "Sina Makosa". Nimesema gitaa, si maneno. Atakuimbia, tena na rizimu ya Omar Shabani atakuwekea kwa kugonga kiti. Sasa muulize lile gitaa lilikuwa la kampuni gani. Atakuuliza kama uko sawa.

Wimbo umekaa zaidi ya miaka 40 kwenye vichwa vya watu, na jina la kampuni halikukaa hata siku moja.

Majina yenyewe yanatengenezwa wapi?

Kuna kitu kingine cha kuchekesha. Unaposema hutaki gitaa la Asia, jua kwamba majina makubwa yenyewe yalihamia huko zamani. Fender walianzisha Squier, magitaa yao ya bei nafuu, mwaka 1982, na yakatengenezwa Japani. Wajapani waliyatengeneza vizuri mpaka leo watu wanayatafuta kama dhahabu. Cort ni kampuni ya Kikorea, na kiwanda chake cha Surabaya, Indonesia, kinatengeneza magitaa ya majina mengine pia, ikiwemo PRS za mfululizo wa SE. Kampuni moja, majina tofauti.

Na Yamaha? Wengi wanaijua kwa pikipiki. Torakusu Yamaha alianza 1887 huko Hamamatsu baada ya kutengeneza kinanda cha shule kilichoharibika. Wale wa Rabai mtanielewa: sisi ni watu wa kanisa la misheni tangu Krapf na Rebmann walipokaa hapa 1846, kwa hivyo stori ya kampuni iliyoanzia kwenye kinanda haitushangazi. Gitaa lao la Pacifica lilikuja 1990. Halina hadithi ya Hendrix wala ya mtu yeyote aliyelichoma moto jukwaani. Ni gitaa la kufanya kazi tu.

Na ndilo langu. Pacifica 112, mkono wa pili, lina mkwaruzo mgongoni ambao nimeukuta.

Kwa nini hilo, na kwa nini hapa

Nilisema nitarudi kwenye shida zetu. Mimi napiga bango. Kwa wasiojua, bango ni muziki uliolelewa na Mzee Joseph Ngala wa Freretown, kule ambako wamisheni waliwakalisha watumwa walioachwa huru kuanzia 1875, kama walivyofanya hapa Rabai pia. Ndani yake kuna jazi, kuna rumba, kuna midundo ya Mijikenda. Saksafoni iko mbele. Gitaa kazi yake ni kukaa nyuma, safi, bila mkwaruzo, likatekate kama kayamba. Les Paul ni nzito na sauti yake ni nene. Kwa roki ni tamu, lakini kwa saa tano za harusi bega langu halikubali.

Halafu kuna umeme. Gitaa la umeme linasikia kwa pikapu (si ile ya kubeba nazi): sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Pikapu ya koili moja, kama za Stratocaster, ina sauti safi lakini inadaka kila uchafu wa umeme ulio karibu. Jenereta ya harusi, waya zisizo na athi, taa za mapambo, zote zinaingia kwenye spika: nnnnnnn. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson, aliombea hataza dawa yake: koili mbili zilizopangwa kinyume, ili kelele ya moja iifute ya nyingine. Hapo Gibson wapewe haki yao.

Pacifica 112 ina pikapu mbili za koili moja na moja ya koili mbili. Jenereta ikianza ujinga, nasukuma swichi, kelele inatulia, bibi harusi anaendelea kuingia. Mkono wake wa kutikisa nyuzi nimeukaza kwa kipande cha mbao, ili uzi mmoja ukikatika zingine zisipoteze sauti. Na hewa yetu ya chumvi inakula nyuzi, kwa hivyo hela niliyookoa kwenye jina inanunua nyuzi mpya kila mara. Gitaa la jina lenye nyuzi za kutu linashindwa na gitaa lisilo na jina lenye nyuzi mpya. Hilo nitabishana na mtu yeyote.

Simaanishi wote mnunue Pacifica. Hapo tutakuwa tumebadilisha dini tu. Ninachosema ni hiki: anza na muziki unaotaka kupiga na mahali utakapopigia, halafu tafuta gitaa linalofaa hapo. Ukienda kulitazama, lipige kwanza bila spika. Likiwa halina uhai hapo, umeme hautalifufua. Angalia shingo imenyooka kwa kuitazama kwa jicho moja kama seremala. Zungusha vifundo vyote usikie kama vinakwaruza. Na ukikuta "Gibson" kwa bei ya simu ya mkono wa pili, kimbia. Jina la kubandika ni rahisi kulichapisha kuliko gitaa kulitengeneza, na kwa sababu tunaabudu majina, wanaotuuzia bandia wanatuona tukija kutoka mbali.

Kuhusu yule wa akiba: nimeshamwambia haya yote usoni, hajakasirika, lakini hajanunua pia. Kama unapiga, ama unataka kuanza, na gitaa lako lina jina ambalo hakuna anayelijua, niandikie kwenye komenti ni gani na linakufanyia nini. Na kama uko karibu na Rabai, Mazeras ama Ribe, uje nalo mazoezini. Nafasi ya rizimu iko wazi, na hakuna mzee hata mmoja kwenye bendi atakayekuuliza ni la kampuni gani.