Pontneddfechan: Mto Uliosaga Baruti

Wageni wa Pontneddfechan, kijiji kidogo kusini mwa Wales, hufuata maporomoko ya maji. Mito ya Nedd Fechan, Pyrddin, Mellte na Hepste huteremka kutoka milima ya Bannau Brycheiniog, ikipenya magenge yenye misitu ya mialoni. Linalopendwa kuliko yote ni Sgwd yr Eira, katika mto Hepste, kwa kuwa mtu hupita nyuma ya maji yanayoanguka akatokea ng'ambo ya pili. Juu kuna jiwe gumu la mchanga, chini mwamba laini. Maji yameula ule laini na kuacha njia chini ya ukingo. Zamani wachungaji waliwavusha kondoo wao humo.

Eneo hili liliwalisha watu kwa jasho kabla ya kuwalisha kwa utalii. Tangu mwishoni mwa karne ya 18, wachimbaji walikuwa wakitoboa jabali la Craig-y-Ddinas kutafuta silika, jiwe linalostahimili moto mkali. Mwaka 1822 William Weston Young, mchoraji wa vyombo vya kauri, aligundua kwamba chokaa kidogo ikichanganywa na silika hiyo hutoa tofali lisiloyeyuka ndani ya tanuri la kuyeyushia madini. Tofali la Dinas likaenea duniani. Mtu huyohuyo, mwaka 1835, alichapisha kitabu cha kuwaongoza wageni katika uzuri wa bonde la Neath. Nampenda kwa hilo: bonde lililompa mawe ya matanuri ndilo aliloliona zuri kiasi cha kuliandikia kitabu.

Kisha ikaja baruti. Kiwanda kilipata kibali mwaka 1857, kikajengwa kwa kutandazwa kando ya Mellte. Mahali palifaa: maji ya kuzungusha vinu, miti ya kuchoma makaa, migodi ya makaa ya mawe iliyohitaji baruti karibu, na bonde lililojitenga na makazi. Shura, kiberiti na makaa vilisagwa pamoja, na kila hatua ilikuwa na jengo lake, mbali na jingine, ili likilipuka moja mengine yasalimike. Kuta zilikuwa nene na paa jepesi, ili mlipuko upande juu badala ya kwenda kando. Farasi waliokokota mabehewa kwenye reli walivalishwa viatu vya shaba, kwa sababu chuma kikigonga jiwe hutoa cheche. Cheche moja ilitosha kumaliza maisha ya wote waliokuwa ndani, na bado watu waliamka kila asubuhi wakaenda kazini. Ujasiri huo unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa sasa.

Mwaka 1931 baruti ya aina hiyo iliondolewa katika orodha ya vilipuzi vilivyoruhusiwa migodini, na kiwanda kikafungwa. Majengo yake mengi yalichomwa moto, ili masalia ya unga yasije yakamdhuru mtu. Machimbo ya silika yaliendelea hadi 1964, miaka saba baada ya eneo hili kutangazwa sehemu ya hifadhi ya taifa.

Njia ya Mellte inapita katikati ya kuta za kiwanda cha baruti, zilizofunikwa na kuvumwani. Wengi huzipita haraka kuyakimbilia maporomoko. Mimi ningemshauri mgeni aanzie hapo, autazame mfereji uliopeleka maji kwenye vinu, ndipo apande kwenda Sgwd yr Eira.