Kipimo na Kinachopimwa: Mita za Q za Kujitengenezea katika Historia ya Redio ya Ridhaa ya Marekani

Utangulizi

Historia ya redio ya ridhaa huandikwa mara nyingi kama historia ya umbali: nani alisikika wapi, na lini. Insha hii inachunguza upande mwingine wa historia hiyo, yaani jitihada za wanaridhaa kupima ubora wa koili kwa vifaa walivyoviunda wenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba vifaa hivyo havikuwa tu nakala duni za mita za viwandani. Kila mita ya aina hiyo hula sehemu ya nishati ya koili inayopimwa. Kwa sababu hiyo, aliyeiunda alilazimika kuijua hasara ya kifaa chake kabla ya kutaja hasara ya koili. Sharti hilo ndilo linaloeleza kwa nini wanaridhaa walitafuta njia nyingine za upimaji.

Chimbuko la tatizo

Sheria ya redio ya Marekani ya mwaka 1912 iliwabana wanaridhaa katika mawimbi ya mita 200 kwenda chini, eneo lililodhaniwa wakati huo kuwa na manufaa madogo. Desemba 1921, Paul Godley, aliyetumwa na chama cha ARRL, alizinasa ishara za wanaridhaa wa Marekani akiwa Ardrossan, Uskoti. Novemba 1923, mawasiliano ya pande mbili kati ya Marekani na Ufaransa yalifanyika kwa mawimbi ya takriban mita 100.

Kadiri mawimbi yalivyofupishwa ndivyo masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yalivyopanda. Hapo waya ulionyesha tabia isiyoweza kugunduliwa kwa mita ya kawaida ya ukinzani. Mkondo geu wa masafa ya juu hupita karibu na uso wa waya tu. Katika shaba, kina hicho ni takriban milimita 0.066 kwa megahezi 1, na milimita 0.021 kwa megahezi 10. Kwa hiyo, koili yenye ukinzani mdogo mno kwa mkondo wa betri huweza kuwa na ukinzani mkubwa mara kadhaa kwa mkondo wa redio.

Lugha ya kulieleza jambo hilo ilitoka katika uhandisi wa simu. Mwaka 1920, K. S. Johnson wa Western Electric alitumia herufi Q kuwakilisha uwiano kati ya riaktansi ya koili, yaani upinzani wake wa kisumaku dhidi ya mkondo geu, na ukinzani wake halisi. Herufi hiyo haikuteuliwa kwa kufupisha neno la Kiingereza lenye maana ya ubora, kama wengi wanavyodhani. Aliichagua kwa sababu herufi nyingine zilikuwa zimekwisha kupewa kazi.

Mita ya kiwandani na nakala zake

Mwaka 1934, kampuni ya Boonton Radio ya New Jersey, iliyoanzishwa na William D. Loughlin, ilileta mita ya Q iliyosomeka moja kwa moja. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Volti ndogo inayojulikana huingizwa kupitia ukinzani mdogo sana katika mzunguko wa koili na kapasita. Kapasita hurekebishwa mpaka viwili hivyo viitikiane katika masafa mamoja, kisha volti iliyokuzwa husomwa juu ya kapasita. Kiasi cha ukuzaji huo ndicho Q. Katika modeli ya 160-A, ukinzani wa kuingizia volti ulikuwa omu 0.04, katika 260-A ulishushwa hadi 0.02.

Uzito wa tarakimu hizo huonekana kwa hesabu. Koili ya maikrohenri 25 ina riaktansi ya omu 157 kwa megahezi 1. Ikiwa Q yake ni 200, ukinzani wake ni takriban omu 0.785, mita yenye omu 0.04 itasoma 190. Koili ya namna hiyo yenye Q ya 400 itasomwa 363. Tuseme sasa kwamba fundi wa nyumbani ametumia ukinzani wa omu 0.5, ulio rahisi kupatikana. Koili ya kwanza itasomwa 122, na ya pili 176. Koili iliyo bora maradufu itaonekana kuzidi kwa chini ya nusu. Kwa hiyo, kosa la mita haligawanyiki sawa: huipunja zaidi koili iliyo bora, na kumfanya mtengenezaji aamini kwamba jitihada zake za kuchagua waya na umbo hazikuzaa matunda.

Njia mbadala

Wanaridhaa walilikabili tatizo hilo kwa namna tatu. Ya kwanza ilikuwa kupima upana wa itikio badala ya kimo chake: masafa mawili ambamo volti hushuka hadi 0.707 ya kilele hutafutwa, na masafa ya kilele hugawanywa kwa tofauti yake. Koili yenye Q ya 200 kwa megahezi 1 ina upana wa kilohezi 5. Njia hii haihitaji volti inayojulikana, lakini inadai usomaji sahihi wa masafa. Ya pili ni kuipa koili pigo fupi la umeme na kuutazama mtetemo ukififia katika osiloskopu. Idadi ya mitetemo hadi kimo kifike nusu, ikizidishwa kwa 4.53, hutoa Q. Katika njia zote mbili, kifaa husogezwa mbali na koili mpaka usomaji ukome kubadilika.

Ya tatu ilirejea kanuni ya Boonton kwa kutumia transfoma ya feraiti. Chanzo cha omu 50 kikipitishwa katika uwiano wa mizunguko 50 kwa 1, kinadharia huonekana kama omu 0.02, kiasi kilekile cha modeli ya 260-A.

Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba thamani ya mita ya kujitengenezea haikutegemea ukaribu wake na mita ya kiwandani pekee. Aliyenunua mita alikabidhiwa hasara yake ikiwa imeshapimwa. Aliyeiunda alipaswa kuitafuta mwenyewe. Kwa mtafiti anayesoma rekodi za wanaridhaa, matokeo yake ni haya: tarakimu ya Q isiyoambatana na maelezo ya kifaa na namna kilivyounganishwa haiwezi kulinganishwa na tarakimu ya meza nyingine. Huweza tu kulinganisha koili mbili zilizopimwa kwa kifaa kilekile, na hata hapo huonyesha ipi ni bora bila kuonyesha ni bora kwa kiasi gani.