Wazee 714 wa Isleworth

Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, iliyopo Isleworth, magharibi mwa London, ilikabidhiwa wodi za hospitali ya maskini iliyopakana nayo. Wodi hizo zilikuwa na wagonjwa 714, wengi wao wazee. Mzigo wa kuwaangalia ukamwangukia Dk. Marjory Warren, naibu wa mganga mkuu, ambaye alikuwa hajatimiza miaka arobaini na mpaka wakati huo moyo wake ulikuwa kwenye upasuaji.

Hospitali za namna ile zilitokana na Sheria ya Maskini. Tangu mwaka 1834, Mwingereza asiye na kitu aliyetaka msaada alipelekwa kwenye nyumba za kazi, mahali palipoogopwa na kuonewa aibu. Mwaka 1930 majengo hayo yaliwekwa chini ya mabaraza ya majimbo na miji mikubwa, lakini maisha ya waliolala ndani hayakubadilika sana. Mzee aliyekwisha kuandikwa "mgonjwa wa kudumu" alikuwa amefungiwa faili. Alilishwa, alioshwa, akabaki amelala. Mwenye akili timamu alipangwa kando ya aliyechanganyikiwa na kupiga kelele usiku kucha.

Warren aliwapima wote, mmoja baada ya mwingine.

Leo hilo laweza kuonekana jambo dogo, lakini kwa watu wale lilikuwa mapinduzi. Kabla ya hapo jibu lilikuwa moja tu: ni uzee. Yeye alitaka kujua ni ugonjwa gani hasa, ulianza lini, na mgonjwa bado anaweza kufanya nini. Kisha akawatenga kwa makundi kufuatana na hali zao: wanaoweza kuamka, wasioamka lakini wanajizuia haja, wasiojizuia, waliochanganyikiwa lakini watulivu, na wale wanaohitaji uangalizi wa karibu zaidi wa akili.

Aligundua pia kwamba kitanda chenyewe kilikuwa kimewaumiza wengi. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi akiachwa chali, misuli hunywea wiki baada ya wiki. Goti hujikunja likagoma kunyooka. Kisigino na kiuno huanza kuchubuka, na vidonda vya kulalia huchimbika mpaka ndani. Haja humtoka bila kujua, naye hukata tamaa na kunyamaza. Anayefika mwisho wa safari hiyo huonekana kama alizeeka hivyo, kumbe amelazwa hivyo.

Dawa yake ilianzia palepale kitandani: kunyoosha viungo, kukaa wima, kusimama kwa kushikiliwa, kisha hatua ya kwanza. Wodi nazo zikapakwa rangi upya, zikapata mwanga na viti vya kukalia mchana, kwa sababu mtu hawezi kuamka kama hana pa kukaa. Muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na ofisa wa ustawi wa jamii wakafanya kazi kama kundi moja na daktari. Wazee walioaminiwa kuwa watafia pale wakaanza kurudi makwao. Vitanda vilivyohitajika vikashuka kutoka 714 hadi 240 hivi.

Neno la kuitaja fani hii ya tiba ya wazee lilikwishapatikana. Ignatz Nascher, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi New York, ndiye aliyelitunga mwaka 1909: jeriatria. Nascher aliipa fani jina na kitabu, naye Warren akaipa wodi inayofanya kazi.

Hakutaka wodi hiyo iwe kisiwa. Katika makala zake za mwaka 1943 na 1946, zilizochapishwa kwenye majarida makubwa ya tiba ya Uingereza, alidai mambo mawili: wazee watibiwe ndani ya hospitali kuu, palipo na vipimo na mabingwa wote, na wanafunzi wa udaktari wafundishwe hapo hapo, kando ya vitanda vyao. Alijua kwamba daktari asiyewahi kumwona mzee akipona hatajisumbua kumtibu. Madaktari walikuja Isleworth kutazama, naye akasafiri nchi za mbali kufundisha.

Mwaka 1947 kikaundwa chama cha madaktari wanaowahudumia wazee, kilichokuja kuitwa British Geriatrics Society mwaka 1959. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Glasgow kikamteua Ferguson Anderson kuwa profesa wa tiba ya wazee, wa kwanza duniani katika somo hilo.

Warren hakuishi kuona siku hiyo. Septemba 1960, akiwa njiani kwenda kwenye mkutano Ujerumani, alifariki kwa ajali ya gari mashariki mwa Ufaransa. Alikuwa na miaka 62, na robo karne ilikuwa imepita tangu aingie kwenye zile wodi za jirani na kuanza kupima kitanda kwa kitanda.