Friji ya petroli ya chanjo ikikataa kuwaka

Asubuhi muuguzi anafungua mlango, anakuta moto wa friji umezimika na kipimajoto kiko 14. Akina mama wameshaanza kufika na watoto wao. Friji za jua zinazidi kuingia katika vituo vya afya, lakini penye ingali ile ya zamani ya petroli, shida hii inajulikana sana.

Kabla ya kugusa friji, okoa chanjo. Zihamishe kwenye kisanduku baridi chenye vibarafu, na usiweke chupa za penta zikigusana na barafu iliyogandamana, juu penta ikiganda imeharibika. Chanjo ya surua haidhuriwi na kuganda. Joto ndilo linaiua. Halafu angalia alama ya kila chupa: kimraba cha ndani kikiwa kimefikia weusi wa duara, au kimeupita, chupa hiyo haitumiki tena.

Sasa friji. Haina mota. Wanafunzi wawili wa Sweden, von Platen na Munters, waliibuni mwaka 1922: moto wa nyuma unachemsha amonia iliyo ndani ya maji, amonia inapanda, inapoa, kisha inazunguka ikibeba joto la ndani kwenda nje. Bila moto mzuri hakuna baridi. Ndiyo maana mara nyingi ugonjwa hauko kwenye mabomba ya nyuma, uko kwenye uchafu.

Anza na petroli yenyewe. Safari ya bidoni mpaka Kabambare ni ndefu, na njiani mengi yanaingia: maji, mchanga, hata mazutu. Iache bidoni itulie usiku mzima, chota ya juu tu, ichuje kwa kitambaa safi. Mazutu inaleta moshi na kuziba utambi. Ikinuka esansi, usiwashe hata kidogo, inaweza kulipuka na kuchoma nyumba. Na tangi haijazwi moto ukiwaka; zima, litoe, ulijazie nje.

Kisha utambi. Ukiwa mweusi na mgumu, kata ncha yake sawasawa kwa kikatio chake. Ukiwa umepinda upande mmoja, moto nao utapinda. Ukiweka utambi mpya, uache unywe petroli vizuri kwanza. Wengi wanaukosea hapo: wanawasha upesi, utambi unaungua mkavu, wanasema friji imekufa.

Moto ukiwaka na kuzimika tena, tafuta upepo. Friji iliyo mbele ya dirisha haitatulia. Lakini usifunge chumba chote, moto unahitaji hewa.

Bomba la moshi ndilo linalosahauliwa zaidi. Ndani yake kuna kipande cha bati kinachoning'inia kwa waya. Friji ikishapoa, kitoe, kipanguse masizi, pitisha brashi kwenye bomba, ukirudishe mahali pake. Ukikisahau nje, moto utawaka vizuri na friji haitapoa.

Washa ukiwa na moto mdogo. Subiri kama dakika 20, juu kichomeo kikipata joto moto unapanda wenyewe, halafu urekebishe. Unataka moto wa buluu. Wa manjano wenye moshi unakula petroli bure.

Moto ni wa buluu na bado hakuna baridi? Angalia kama friji imesimama sawa. Kama fundi mwashi hayuko karibu na nivo yake, laza ndani chupa iliyojaa maji nusu uone yanakoelekea. Amonia inateremka kwa uzito wake tu. Ila ukisikia harufu kali kama ya mkojo wa zamani, zima, fungua madirisha, toka nje: mabomba yametoboka, na hilo halitengenezwi kituoni.

Baridi inaweza kuchukua siku nzima kurudi. Chanjo zirudi ndani kipimajoto kikikaa kati ya 2 na 8, si kabla. Na Primus ya mkubwa yeyote ikae kwake, kila mlango ukifunguliwa baridi inatoka.

Kasongo inaijua kazi hii tangu zamani. Mradi wa afya wa miaka ya 1970, uliosaidiwa na taasisi ya tiba za nchi za joto ya Antwerp, ulichanja watoto surua hapa, na matokeo yakachapwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Chanjo zile nazo zilihitaji baridi.