Damu haichujwi, hupimwa

Mtu wa mtaa wa Tena, Nairobi, akilazwa katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki na kuhitaji kuongezwa damu, jamaa na majirani huombwa wajitokeze kuchangia. Hapo ndipo utasikia mtu akisema, "Si wataichuja kwanza?" Maneno hayo yanatia wasiwasi kuliko yanavyoonekana.

Kuchuja ni kutenganisha, kama tui na machicha, ili kinachopita kibaki safi. Baadhi ya wenye ugonjwa wa figo huchujwa damu kwa mashine. Benki ya damu haifanyi hivyo. Haitoi kirusi hata kimoja ndani ya mfuko. Inapima sampuli, na ikigundua maambukizi mfuko mzima unateketezwa. Wengine husema damu "imeskriniwa", neno lisilomwambia mzee wa mtaa wa Umoja lolote. Mimi nashikilia "upimaji wa damu iliyochangwa". Ni refu, lakini halimwahidi mtu usafi usiokuwepo.

Tazama inavyofanyika. Ukishajaza fomu ya maswali, kidole huchomwa ili kujua kama una damu ya kutosha. Mahali pengi tone hudondoshwa katika maji ya buluu ya salfeti ya shaba, na likizama upesi, unaruhusiwa. Kipimo hiki kinakulinda wewe mchangiaji. Kisha mfuko wa takriban mililita 450 unajazwa, pamoja na vichupa vidogo vyenye namba ileile ya mfuko. Vichupa ndivyo vinavyopelekwa maabara, na namba hiyo ndiyo inayofunga majibu na mfuko wake.

Nchini Kenya hupimwa maambukizi manne: Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na kaswende. Kundi la damu nalo huthibitishwa, A, B, AB au O, pamoja na Rh. Malaria haimo katika yale manne, ndiyo maana mwenye homa huambiwa asubiri. Huduma ya kitaifa ya damu, inayofanya upimaji huu, iliundwa baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, lililoonyesha wazi jinsi hospitali zilivyohangaika kila moja kivyake.

Lipo jambo ambalo maabara haiwezi kulimaliza. Mtu akiambukizwa leo, kipimo kinachotafuta kingamwili kinaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kumgundua. Muda huo huitwa kipindi cha dirisha. Vipimo vinavyotafuta chembe za urithi za kirusi huufupisha, ila haviufuti. Kwa hiyo ile fomu ya maswali kuhusu wapenzi wapya, chale, upasuaji au macho kuwa manjano ni sehemu ya upimaji, tena sehemu ya kwanza. Anayedhani damu "itachujwa" huijaza ovyo, na mzigo unamwangukia mama aliyevuja damu akijifungua.

Ukitaka kujua hali yako, nenda kituo cha ushauri nasaha na upimaji wa Virusi vya Ukimwi (VCT). Usitumie mfuko wa damu kujipimia. Na jamaa wakikusukuma uchangie huku moyo wako una shaka, mnong'oneze muuguzi tu. Atakuambia usubiri, na hana haja ya kuwaeleza sababu.