Mkono wa Anayevuka

Simama saa kumi na mbili na nusu asubuhi kando ya barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam, karibu na shule ya msingi, utazame mikono. Watoto wanasogea ukingoni wameshikana, mkubwa mbele, mabegi mgongoni, na mmoja wao ananyoosha kiganja kuelekea magari. Daladala inapunguza mwendo. Bodaboda inachomoka ubavuni mwa daladala. Mtoto anarudi nyuma hatua moja, ananyoosha tena. Miguuni pao pana zebra, au tuseme palikuwa na zebra: vipande vya weupe vimesalia katikati ya njia, pale matairi yasipokanyaga, na pembezoni vumbi limefunika kilichobaki. Dereva anayepita hapo kwa mara ya kwanza hana namna ya kujua kwamba ana wajibu wa kusimama. Anachokiona ni mkono.

Mkono huohuo unainuliwa Japani. Mtoto wa shule, kofia ya njano kichwani, husimama kwenye kivuko, huinua mkono juu kama anayetaka kujibu swali darasani, kisha huvuka. Mwongozo wa polisi wa nchi hiyo uliacha kumtaka anayevuka ainue mkono mwaka 1978, kisha agizo hilo likarejeshwa Aprili 2021, baada ya miaka 43. Kwa mbali utasema watoto hawa wawili wanafanya jambo moja. Mimi sikubali. Mkono wa Japani unakumbusha, wa kwetu unaomba. Yule wa Japani amesimama kwenye milia inayosomeka, na makumi ya mita kabla ya milia hiyo imechorwa alama ya umbo la almasi kumtahadharisha dereva kwamba kivuko kiko mbele. Kwa mkono wake anasema: alama umeiona, basi mwenyewe ndiye mimi. Wa kwetu hana alama ya kuegemea. Mkono wake unabeba kazi yote: kutangaza kwamba hapa ni kivuko, kwamba sheria ipo, kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo ana miaka saba.

Lakini tusiwapambe Wajapani kupita kiasi. Shirikisho la Magari la Japani, JAF, kila mwaka huenda kwenye vivuko visivyo na taa na kuhesabu ni magari mangapi yanasimama mtu anapotaka kuvuka. Mwaka 2016 yalisimama asilimia 7.6 tu. Rangi ilikuwepo, sheria ilikuwepo, na madereva zaidi ya tisa kati ya kumi walipita. Hesabu ikaendelea kufanywa, ikaanza kutangazwa mkoa kwa mkoa. Nagano ikajulikana nchi nzima kwa madereva wake kusimama, mikoa iliyoshika mkia ikajulikana pia, na mwaka 2024 wastani wa taifa ukafika asilimia 53. Miaka minane kutoka saba hadi hamsini na tatu. Habari hii inanigusa kwa sababu inavunja imani tuliyo nayo kwamba kuna mataifa yaliyozaliwa na nidhamu barabarani. Hakuna. Kuna waliohesabu, wakasema hadharani walichokiona.

Uingereza, tulikorithi kuendesha upande wa kushoto, ndiko zebra yenyewe ilikozaliwa, na kisa cha kuzaliwa kwake kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1934 watu 7,343 waliuawa kwenye barabara za nchi hiyo, karibu nusu yao wakienda kwa miguu. Waziri wa Uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, akaanzisha vivuko vyenye nguzo za milia, juu ya kila nguzo tufe la rangi ya chungwa. Tufe hilo linaitwa kwa jina lake hadi leo. Barabarani kivuko kilionyeshwa kwa safu mbili za vichwa vya chuma vilivyopigiliwa kwenye lami. Anayevuka aliviona, maana vilikuwa miguuni pake. Dereva hakuviona. Kutoka kwenye usukani, tena siku ya mvua, vilipotelea kwenye weusi wa barabara. Baada ya Vita vya Pili wahandisi wakajaribu michoro ya aina mbalimbali, wakaona kwamba milia mipana ya nyeusi na nyeupe ndiyo inayomfikia dereva angali mbali, na mwaka 1951 ikawa sheria.

Yaani zebra ililetwa kuondoa alama ambayo anayevuka aliiona na dereva hakuiona. Sasa rudi kwenye kivuko chetu cha asubuhi. Mtoto anajua pana zebra, kwa kuwa anaikanyaga kila siku na mwalimu amemwambia asivuke pengine popote. Dereva haioni. Tumerudi mwaka 1934, kwenye vichwa vya chuma.

Waingereza hawakuiachia rangi kazi yote. Tufe la Belisha lilibaki, likawekewa taa inayowaka na kuzima, hivi kwamba milia ikichakaa nguzo inaendelea kusema. Katikati ya London wameandika hata maneno kwenye lami, mbele ya vidole vya anayetaka kuvuka, kumwambia atazame kulia. Na kile kivuko cha Abbey Road ambacho Beatles walipigwa picha wakikivuka mwaka 1969 kimewekwa kwenye orodha ya urithi wa taifa tangu 2010. Nilipoyajua hayo niliona wivu, nakiri. Huko milia ya barabarani inalindwa kama jengo la kale, na hapa kwetu milia iliyo mbele ya lango la shule inalindwa na nani?

Wamarekani nao walifanya jambo ambalo kila anayeshika brashi ya kuchora zebra angepaswa kulijua. Watafiti walioongozwa na Charles Zegeer walilinganisha vivuko 1,000 vilivyochorwa na sehemu 1,000 za kuvukia zisizochorwa, katika miji 30. Kwenye barabara ya njia mbili, rangi haikuleta tofauti kubwa. Kwenye barabara ya njia nyingi yenye magari zaidi ya 12,000 kwa siku, kivuko kilichochorwa bila kingine chochote kilikuwa na ajali nyingi zaidi kuliko kisichochorwa. Sababu mojawapo ni ileile iliyomrudisha mtoto wetu nyuma hatua moja. Gari la njia ya kwanza linasimama kwa wema, linamficha anayevuka, na la njia ya pili linakuja bila kumwona. Wema wa dereva mmoja unageuka mtego. Wanaovuka barabara ya njia nane kati ya Kimara na Kibaha hawahitaji kusomewa utafiti huu, wanaujua kwa magoti yao. Kwa barabara kama hiyo rangi ni mwanzo tu. Inataka taa, na kisiwa katikati ambapo mtu anaweza kupumua kabla ya nusu ya pili.

Amerika ya Kusini walijaribu njia ya tatu, ya mwili wa binadamu. Antanas Mockus, alipokuwa meya wa Bogotá katikati ya miaka ya 1990, aliweka waigizaji bubu waliopakwa rangi usoni kwenye makutano ya barabara, wakawaonyesha madereva kwa vitendo kosa lao la kusimama juu ya kivuko. Akachora nyota kwenye lami, kila mahali gari lilipoua mtu. La Paz, Bolivia, tangu 2001 vijana huvaa mavazi ya pundamilia na kuwavusha watu. Mnyama wa mbuga zetu, aliyepewa jina kwa ile milia yake, amekuwa askari wa barabarani katika milima ya Andes. Nawaheshimu vijana hao. Ila mwili huchoka, na jioni huenda nyumbani. Mtoto anayetumwa dukani saa mbili usiku hamkuti pundamilia.

Pwani yetu ina mila yake ya njia, ya kale kuliko gari lolote. Ingia vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au vya Lamu. Hamali mwenye mkokoteni uliojaa magunia, anapokata kona, hupaza sauti: hodi, hodi! Watu hubana ukutani, wanampisha, anapita. Neno hilo ni la mgeni aliye mlangoni. Kwa kulitamka njiani, mwenye mzigo na kasi anakiri kwamba njia ni nyumba ya wanaotembea, na yeye ndiye anayeingia. Kupisha nako si neno la sheria, ni neno la malezi. Mtoto wa Pwani hufundishwa kumpisha mzee kabla hajafundishwa kusoma. Shule za udereva husema “kutoa kipaumbele”, msemo sahihi na baridi. Naamini tungefundisha kupisha, tungeeleweka haraka zaidi.

Kwenye barabara kubwa mpango huo umepinduliwa. Mkono wa yule mtoto ni hodi. Anayebishiwa ni gari, na likipenda litamkaribisha, lisipopenda litapita. Barabara imekuwa nyumba ya magari, na mtoto ndiye mgeni. Hili ndilo linaloniuma kuliko kuchakaa kwa rangi, ingawa kuchakaa kwa rangi ndiko kulikofanya lionekane. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haikumweka mtoto mahali pa kuomba. Ilimpa haki kivukoni. Haki hiyo imeandikwa mara mbili, kwenye kitabu na kwenye lami, na nakala ya lami ndiyo pekee ambayo dereva huisoma akiwa na mguu kwenye mafuta.

Kuna wanaosema dawa ni madaraja ya juu. Manzese Darajani, kituo kilichopata jina kwa daraja la waenda kwa miguu, ni ushahidi kwamba tumeijua dawa hiyo siku nyingi. Nairobi walijenga madaraja kadhaa juu ya Barabara ya Thika iliyofunguliwa 2012. Yanafaa pale ambapo magari hayawezi kabisa kusimamishwa. Lakini mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni akipandishwa ngazi ili gari lisipunguze mwendo, tumeshaamua nani mgeni.

Mila yetu bora ya kisasa iko chini zaidi, nayo inadharauliwa: tuta. Wenye magari hulilaumu, na wageni huliona kama alama ya nchi isiyo na nidhamu. Mimi nalitetea. Tuta halifutiki kwa mvua. Husomwa usiku, husomwa na mlevi, husomwa na asiyejua kusoma. Linapunguza mwendo kabla dereva hajaamua kama leo ana huruma. Shirika la Amend lilianza na mambo ya namna hii kwenye shule za Dar es Salaam: matuta, njia za miguu, vivuko, nguzo za kuzuia magari, na mahali pengine kuhamisha lango la shule lisifungukie barabara yenye hatari. Utafiti ulionyesha kuwa majeraha ya barabarani kwa watoto yalipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda Tuzo ya Ross ya Miji, inayotolewa na taasisi ya WRI. Jiji letu lilisifiwa na dunia kwa jambo ambalo wengi wetu hatukulisikia.

Tuta lililo bora ni lile pana, tambarare mgongoni, lenye zebra juu yake. Mtoto anavuka akiwa ameinuliwa, dereva anamwona mzima, na gari haliwezi kufika hapo kwa kasi. Lakini lifike ukingo hadi ukingo. Ukiachwa mwanya pembeni wa upana wa tairi moja, bodaboda zitaufanya barabara yao, tena upande uleule ambao watoto wanasubiri.

Na milia ya juu yake? Rangi ya kopo kwenye barabara yenye magari mengi haidumu. Ipo rangi ya plastiki, inayoyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 200, ikamwagwa ikiwa moto na kunyunyiziwa shanga ndogo za kioo. Shanga hizo ndizo zinazorudisha mwanga wa taa za gari usiku. Bei yake iko juu, ila hudumu miaka. Kuna miji inayopanga hata nafasi ya kila mlia ili matairi yapite katikati ya milia badala ya juu yake. Si utaalamu wa kutisha. Ni kutazama tu matairi yanakopita, jambo ambalo zebra zetu zilizochakaa zimeshatuonyesha: weupe umebaki palepale yasipokanyaga.

Barabara kuu ni za TANROADS, nyingi za mitaa ni za TARURA, na mtoto hajui anavuka ya nani. Anachohitaji ni tarehe. Masika huisha Mei. Juni lami ni kavu na shule za msingi zimefungwa. Huo ndio mwezi wa kupita shule kwa shule, Manzese, Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto, na kuchora upya kila kivuko kilicho mbele ya lango la shule, kisha kusimama hapo Julai watoto wakirudi, daftari mkononi, na kuhesabu ni magari mangapi yamewapisha.