Uhai Penye Chemchemi za Moto za Bahari

Mto Rusizi unaopita hapa Mururu hutoka Ziwa Kivu, ambalo sakafu yake hububujisha maji ya vuguvugu yenye chumvi na gesi. Dagaa tuwaitao isambaza huishi katika tabaka la juu tu. Kuanzia kina cha mita 60 hivi hakuna oksijeni, wala samaki. Vilindi vya bahari navyo, kusikofika mwanga wa jua, vilidhaniwa kwamba haviwezi kulisha wanyama wengi.

Februari 1977, wanajiolojia waliozama kwa nyambizi ndogo iitwayo Alvin karibu na visiwa vya Galápagos walikuta, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, chemchemi za maji moto zilizozungukwa na kome, kaa na minyoo warefu. Minyoo hao hawakuwa na mdomo wala utumbo. Je, walikula nini? Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alipendekeza jibu: ndani ya mnyoo huishi bakteria wanaotengeneza chakula kwa gesi ya salfa itokayo chemchemini. Mnyoo huwapa gesi hiyo pamoja na oksijeni iletwayo na mikondo ya bahari, nao humlisha. Oksijeni hiyo ndiyo inayokosekana vilindini mwa Kivu.

Mwaka 1991 volkano ililipuka chini ya Bahari ya Pasifiki, magharibi ya Mexico, na miamba iliyoyeyuka ikaunguza makazi ya namna hiyo. Kufikia mwisho wa 1993, minyoo wakubwa walikuwa wamerudi. Vichanga waliobebwa na maji kutoka chemchemi jirani ndio waliofufua makazi. Ustahimilivu wao, basi, hutegemea majirani walio hai.

Majirani hao sasa wamo hatarini. Mwaka 2019, konokono mwenye magamba ya chuma wa Bahari ya Hindi aliorodheshwa kuwa spishi iliyo hatarini, kwa sababu ya tishio la uchimbaji madini. Baadhi ya makazi yake yamo katika maeneo yaliyotolewa leseni za utafutaji.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unatamka kwamba sakafu ya bahari nje ya mipaka ya mataifa ni urithi wa pamoja wa binadamu, nchi zisizo na pwani zikiwemo. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Mururu, ambaye huenda hajaiona bahari, naye ana haki ya kuuliza: nani aliruhusu, na kwa faida ya nani?